Wamennonite na mateso ya walio mbali: sala, sufuria na trekta

Ninafundisha historia ya kanisa, na wanafunzi wa madhehebu mengine huniuliza: hawa Wamennonite, wachache hivyo, inakuwaje Jumapili moja wanawaombea watu wa Gaza, wa Kasai huko Kongo na wa Ukraine, na Jumatatu wanachangisha fedha? Ukijibu "ni upendo wa Kristo" hujakosea, ila hujaeleza kitu, maana kila kanisa hujibu hivyo. Mimi huanzia kwenye njaa.

Wamennonite wametokana na Waanabaptisti waliobatizana Zürich Januari 1525, wakiwa watu wazima, na ambao wengi wao walikataa kushika silaha. Felix Manz alizamishwa mto Limmat mwaka 1527, kwa amri ya watawala Waprotestanti. Tangu hapo wakawa watu wa kuhamahama, hadi wengine wakafanya makazi kusini mwa Ukraine. Baada ya mapinduzi ya Urusi, vita vya wenyewe kwa wenyewe vikapita juu ya vijiji vyao vya Khortitsa na Molotschna: uporaji, mauaji, maradhi, kisha ukame.

Ndugu zao wa Marekani wakati huo hawakuwa wakielewana hata kidogo. Kundi hili lilikwepa meza ya Bwana ya kundi lile, na mavazi tu yalitosha kuwagombanisha. Barua za kuomba chakula kutoka Ukraine ndizo zilizowaketisha pamoja Elkhart, Indiana, Julai 1920, wakaanzisha kamati ya misaada, Mennonite Central Committee, inayojulikana hadi leo kwa kifupi MCC. Wakatuma watu watatu kupeleka msaada. Mmoja, Clayton Kratz, alikamatwa katika eneo la Molotschna na hakuonekana tena.

Mwingine alikuwa Orie Miller. Wazee wa Mara watalikumbuka jina hilo, kwani mwaka 1934 ndiye aliyefuatana na Elam Stauffer kutafuta mahali pa kuanzia misheni Tanganyika, na kazi ikaanza Shirati. Kwa hiyo Kanisa la Mennonite Tanzania, katika mizizi yake, lina undugu na majiko ambayo kamati ilifungua Ukraine kulisha wenye njaa.

Majiko yenyewe yalifunguliwa mwaka 1922, yakalisha makumi ya maelfu ya watu. Lakini ninachopenda zaidi kuwaonyesha wanafunzi ni trekta. Farasi walikuwa wamechukuliwa na majeshi au wameliwa, na bila farasi hakuna kulima. Kamati ikapeleka trekta 50 za Fordson. Mtu aliyefikiria trekta wakati watu wanalia njaa alikuwa amekaa chini akasikiliza wenye shida, hakuishia kuwahurumia tu.

Sasa upande mgumu. Msaada huo ulianza kwa "watu wetu", ingawa majirani nao walipata. Baada ya Vita Kuu ya Pili, MCC iliwahamishia wakimbizi wa Kimennonite Paraguay na Kanada, na utafiti wa miaka ya karibuni umeonyesha kwamba baadhi yao walikuwa wameshirikiana na utawala wa Wanazi, jambo ambalo waliowasaidia walilifunika. Wapo wasiopenda nilisome darasani. Nalisoma. Ukimwonea uchungu wa kwako peke yake, ni rahisi kutouliza aliwafanyia nini wengine.

Baadaye mlango ulipanuka. Machi 1979 MCC ya Kanada ilikuwa ya kwanza kutiliana saini na serikali mkataba wa kuwapokea wakimbizi kwa udhamini wa makanisa, walipokuwa wakikimbia watu wa Vietnam, Laos na Kambodia, wengi wao Wabudha. Mzigo uliwaangukia waumini wa kawaida: kutafuta nyumba, makoti ya baridi, shule, na mtu wa kumpeleka hospitali mama asiyejua lugha.

Kuna pia swali la kusema au kunyamaza. Vizazi vingi vilifundishwa kuishi kwa utulivu na kutojiingiza katika mambo ya dola. Kumbe tarehe 16 Januari 2024 Wamennonite zaidi ya 100 walikamatwa katika jengo la ofisi za Bunge la Marekani, Washington, wakiimba kwa sauti nne kudai vita visitishwe Gaza. Wengine ndani ya kanisa walichukia. Kwangu mimi, waliimba mahali panapostahili: mkate unaopeleka leo hautafika ikiwa bomu la serikali yako limetangulia.

Lakini ukitaka kuona jambo hili bila wafadhili kutangulia, tazama Kasai, ambako Wamennonite wamekuwepo tangu mwaka 1912. Vita vya wanamgambo wa Kamwina Nsapu dhidi ya serikali, vya 2016 na 2017, viliwang'oa makwao watu zaidi ya milioni moja. Katika vita hivyo aliuawa, Machi 2017, Michael Sharp, Mmennonite mtaalamu wa Umoja wa Mataifa, pamoja na mwenzake Zaida Catalán. Awali Sharp alifanya kazi na MCC huko Bukavu, mashariki mwa Kongo, akiwaendea msituni wapiganaji wa FDLR, kundi la waasi kutoka Rwanda, kuwashawishi warudi kwao. Waliokimbia walipofika Kikwit na Tshikapa, familia za makanisa ya Kimennonite ziliwalaza nyumbani mwao na kugawana nao chakula kidogo walichokuwa nacho. Fedha kutoka ng'ambo zilikuja baada ya hapo, zikapitia kwa viongozi walewale waliokwisha kujua nani amelala kwa nani.