Kushikwa Ukiiba Dukani kwa Mara ya Kwanza: Yanayosemwa Mtaani na Sheria ya Kenya Isemavyo

Anayeshikwa kwenye supamaketi na sabuni au chupa ya mafuta mkobani hupata washauri wengi: soja wa mlangoni, wenzake wa seli, shangazi aliyefika kituoni na chai. Wengi wanamtakia mema, lakini wanamwelekeza kubaya.

"Sikuwa nimetoka mlangoni, kwa hiyo sijaiba."

Mlango hauna uzito huo. Kwa kifungu cha 268 cha Kanuni ya Adhabu, wizi hutimia pale unapokisogeza kitu kwa nia ya kukitwaa bila haki. Ukikitoa rafuni ukakificha ndani ya koti, umeshafika hapo. Kinachobishaniwa ni nia: je, ulificha, au pakiti ilisahaulika chini ya blanketi la mtoto kwenye toroli? Utetezi wa namna hiyo hutegemea risiti ya vitu ulivyolipia na picha za kamera. Liandikieni duka mapema mkiomba rekodi ihifadhiwe, kwa sababu mitambo mingi hufuta ya zamani na kuandika mpya juu yake.

"Kitu cha shilingi mia mbili hakifungi mtu."

Kifungu cha 275 hakitaji bei. Adhabu ni hadi miaka mitatu, kwa biskuti au kwa runinga. Hata hivyo, hiyo mitatu ni kilele tu, na kwa kosa la kwanza la kitu kidogo hakimu ana njia nyingine: faini, probesheni (kuwa chini ya uangalizi wa afisa badala ya kufungwa), huduma kwa jamii, au kukuachilia kwa sharti usivunje sheria kwa muda usiozidi miezi 12. Ukipigwa faini ya shilingi 10,000 na ukose kulipa, kifungo cha badala hakizidi miezi mitatu. Mfanyakazi wa duka hilohilo hali yake ni tofauti: hushtakiwa kwa kifungu cha 281, na kilele ni miaka saba.

"Lipa mara kumi ya bei, yaishie ofisini kwa meneja."

Duka halina mamlaka ya kutoza faini. Soja anaweza kukukamata, lakini sheria inamtaka akukabidhi kwa polisi bila kuchelewa. Kukufungia stoo hadi jamaa watume pesa si sehemu ya kazi yake. Mwanamke hupekuliwa na mwanamke, tena kwa staha. Kukushikisha ile bidhaa upigwe picha ya kubandikwa ukutani ni kukudhalilisha, na picha yako inalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019.

Kupokea pesa kwa ahadi kwamba kosa kama hili halitafika mahakamani pia ni kosa, kwa hiyo anayekudai mara kumi anajitia hatarini. Akikuletea karatasi ya kukiri, usitie sahihi. Kwa Sheria ya Ushahidi, ungamo la nje ya mahakama hukubaliwa tu likitolewa mbele ya afisa wa polisi wa cheo kinachohitajika, asiye mpelelezi wa kesi hiyo, pamoja na mtu wa tatu uliyemchagua wewe. Hata hivyo, karatasi hiyo inaweza kukusumbua kwingine, kwa mwajiri kwa mfano.

"Polisi watakuweka ndani hadi wamalize uchunguzi."

Kifungu cha 49 cha Katiba kinawapa polisi saa 24 kukufikisha mahakamani, au siku ya mahakama inayofuata muda huo ukiishia wikendi au usiku. Una haki ya kunyamaza na kuzungumza na wakili. Dhamana ya polisi yenyewe haiuzwi. Pesa taslimu zikiwekwa, dai risiti rasmi, maana ndiyo itakayozirudisha kesi ikiisha. Andika nambari ya OB, yaani kitabu cha matukio cha kituo.

"Kubali tu, hakimu atakuhurumia uende nyumbani."

Ushauri huu ndio unaoumiza watu wengi zaidi. Unatolewa korokoroni asubuhi, mshtakiwa hajalala, na anachotaka ni yaishe.

Kukiri kuna hatua zake, zilizowekwa wazi katika kesi ya rufaa ya Adan dhidi ya Jamhuri mwaka 1973. Shtaka husomwa kwa lugha unayoielewa, na mkalimani halipwi na wewe. Ukisema "ni kweli", kiongozi wa mashtaka husoma maelezo ya tukio: ulipoonekana, ulipoficha, ulipokamatwa. Kisha unaulizwa kama maelezo hayo ni sahihi. Hapa ndipo pa kusikiliza kwa makini. Ukijibu "nilichukua lakini nilisahau kulipa", hujakiri wizi, na hakimu anapaswa kuandika kwamba umekana. Ukikubali kwamba ni sahihi, hatia inaandikwa, na baada ya hapo rufaa yako itahusu tu ukubwa au uhalali wa adhabu.

Kukana si dharau kwa mahakama. Kunakupa nafasi ya kupata taarifa za mashahidi, kutafuta wakili, na kuzungumza na upande wa mashtaka. Ukiwa kweli ulifanya, unaweza kukiri baadaye, ukiwa umeshajipanga.

"Mlalamishi akisamehe, kesi imekufa."

Kesi ni ya serikali. Msamaha husaidia, lakini lazima upitie mbele ya hakimu. Sikiliza ni kifungu kipi kimetumika. Kesi ikiondolewa kwa kifungu cha 204 cha sheria ya taratibu za jinai, unaachiliwa huru kabisa. Ikiondolewa kwa 87(a) kabla hujaanza kujitetea, unaweza kushtakiwa upya. Kwa mtoto, Sheria ya Watoto ya 2022 inafungua njia za kumaliza jambo nje ya mahakama, na aliye chini ya miaka 12 hashtakiwi.

"Faini ikilipwa, jina limesafishika."

Faini hulipia adhabu, lakini hatia inabaki. Alama za vidole zikiwa DCI, idara ya upelelezi wa jinai, itaonekana unapoomba cheti cha tabia njema. Kifungu cha 4 cha sheria ya probesheni kinamruhusu hakimu kukuweka chini ya uangalizi, kwa miezi sita hadi miaka mitatu, bila kukutia hatiani. Wachache sana huiomba njia hiyo. Omba ripoti ya afisa wa probesheni, mpe nambari za mwajiri, chifu na jamaa wanaokufahamu, na utaje kifungu hicho kwa jina kabla hakimu hajaandika neno la hatia kwenye faili.