Dhana potofu na ukweli kuhusu siasa za wachoraji wa Mapinduzi ya Ufaransa

Kila mwaka darasani huibuka mwanafunzi anayeeleza kwa uhakika kwamba mchoraji Jacques-Louis David alichora Kiapo cha Akina Horatii, picha ya ndugu watatu wa Roma ya kale wakiapa mbele ya panga, ili kuwachochea Wafaransa waupindue ufalme, na kila mwaka wenzake humuunga mkono. Dhana hii imenichosha. Picha hiyo ilichorwa Rome mwaka 1784 na kuonyeshwa Paris mwaka uliofuata, miaka 4 kabla ya gereza la Bastille kuvamiwa na mapinduzi kuanza, na aliyeiagiza ni serikali ya mfalme Louis XVI mwenyewe. Maofisa wake walitaka picha kubwa za historia zenye kufunza maadili, na visa vya Warumi waliojitoa mhanga kwa ajili ya nchi viliwafaa sana. Hata picha ya David ya Brutus, Mrumi aliyewahukumu kifo wanawe kwa kula njama ya kurudisha ufalme, iliagizwa na serikali hiyohiyo. Kwa kuwa ilionyeshwa mwaka 1789, watazamaji ndio walioisoma kwa macho ya mapinduzi.

Anayetaka kujua msimamo wa David aache kwanza kuhesabu panga zilizo kwenye turubai, akasome kumbukumbu za Bunge la Konvensheni, bunge la mapinduzi ambalo David aliingia Septemba 1792. Januari 1793 alipiga kura mfalme auawe, na baadaye mwaka huo akawa mjumbe wa Kamati ya Usalama wa Jumla, iliyosimamia polisi, akitia saini hati za kuwakamata watu. Mkewe, ambaye hakuafikiana na siasa hizo, alitengana naye kwa talaka mwaka 1794, ingawa walioana tena mwaka 1796. Huo ndio ushahidi. Ninasisitiza, hata kama wanafunzi wamechoka kunisikia, kwamba mtu aulize picha ilichorwa mwaka gani na nani alilipa kabla ya kuitolea tafsiri ya kisiasa.

Wengine humwita David kigeugeu kwa kuwa alimtumikia Napoleon. Hukumu hiyo ina ukweli kiasi, lakini inasahau kwamba kura ya mwaka 1793, pamoja na kumuunga mkono Napoleon mwaka 1815, vilimgharimu nchi yake: mwaka 1816 alikwenda uhamishoni Brussels, akafia huko mwaka 1825.

Wala si kweli kwamba wachoraji wote wa makasri walikimbia. Élisabeth Vigée Le Brun, mchoraji wa malkia, aliondoka Oktoba 1789, lakini Adélaïde Labille-Guiard, aliyeingia Akademia ya Kifalme ya Uchoraji siku moja naye mwaka 1783 na kuwachora shangazi za mfalme, alibaki akachora wabunge, kiongozi wa mapinduzi Robespierre akiwamo. Hubert Robert naye alibaki, akafungwa mwaka 1793, akaendelea kuchora gerezani. Fragonard, aliyetajirika kwa kuwachorea matajiri picha za mapenzi, alipata kazi katika jumba jipya la makumbusho la Louvre kwa msaada wa David yuleyule.