Nani mwenye kusema hapa ni mjini?

Ukimuuliza mtakwimu wa Denmark mji ni nini, atakuambia ni makazi yaliyoshikana yenye watu kuanzia 200. Mwenzake wa Hispania anataka 10,000. Kenya, katika sensa ya mwaka 2019, ilianzia 2,000. Kila nchi ina sababu zake, na ndani ya mipaka yake hesabu zinakwenda vizuri. Shida huanza nchi mbili zinapowekwa kwenye jedwali moja: hii inaonekana ina watu wengi mijini kuliko ile, kumbe zimetofautiana kipimo tu.

Umoja wa Ulaya uliishi na shida hiyo kwa miaka mingi. Ofisi yake ya takwimu, Eurostat, ilikuwa na vigezo vya kugawa maeneo na ikivitumia kuchapisha takwimu, lakini havikuwa na nguvu ya sheria. Tarehe 12 Desemba 2017 Bunge la Ulaya na Baraza la Umoja wa Ulaya walipitisha Kanuni Na. 2017/2391, iliyoviingiza kwenye kanuni ya mwaka 2003 inayogawa mikoa kwa ajili ya takwimu. Kuna fedha nyuma ya maneno haya. Kwa kipindi cha 2021 hadi 2027, angalau asilimia 8 ya fungu la kila nchi kutoka Mfuko wa Maendeleo ya Mikoa wa Ulaya inatakiwa iende kwenye maendeleo endelevu ya miji. Fedha zikishakuwa mezani, neno "mji" haliwezi kuachwa kila mtu alitafsiri anavyopenda.

Kazi yenyewe huanzia chini kabisa, bila kuangalia mipaka ya utawala. Nchi nzima hugawanywa kwenye miraba yenye kila upande kilomita moja, na watu wa kila mraba huhesabiwa. Miraba yenye wakazi 1,500 au zaidi iliyopakana ubavu kwa ubavu huunganishwa. Jumla ya watu wake ikifika 50,000, hapo pana kitovu cha jiji. Kigezo cha pili ni chepesi zaidi: miraba yenye wakazi 300 au zaidi, hata kama imegusana kwa pembe tu, ikifikisha watu 5,000 huhesabiwa kuwa makazi ya mji. Inayobaki ni ya vijijini. Je, bustani kubwa au yadi ya treni katikati ya jiji, mahali pasipolala mtu? Mraba wake hujazwa: kati ya miraba minane inayouzunguka, mitano ikiwa ya kitovu, nao huingia.

Mipaka ya halmashauri huwekwa juu ya ramani hiyo baadaye. Halmashauri ambayo angalau nusu ya watu wake wako kwenye kitovu ni jiji. Ambayo nusu au zaidi wako kwenye miraba ya vijijini ni ya vijijini. Zilizo katikati huitwa miji midogo na viunga. Kinachopimwa ni nusu ya watu, wala si nusu ya ardhi, na kwangu mimi huu ndio uamuzi bora kuliko yote katika kanuni hii. Kiruna, kaskazini mwa Sweden, ina karibu kilomita za mraba 20,000, sehemu kubwa haina mtu, na wakazi wake wengi wako kwenye mji mmoja. Ungepima ardhi, mji huo usingeonekana kabisa.

Kwa halmashauri za pwani, ardhi ndiyo inayopimwa. Halmashauri ni ya pwani ikipakana na bahari, au ikiwa angalau nusu ya eneo lake limo ndani ya kilomita 10 kutoka ufukweni. Mkoa hupewa nafasi pana zaidi: nao ukipakana na bahari ni wa pwani, au zaidi ya nusu ya wakazi wake wakiwa ndani ya kilomita 50. Hata hivyo, Hamburg iliongezwa kwa hoja ya pekee. Jiji hilo la Ujerumani liko zaidi ya kilomita 100 kutoka baharini ukifuata mto Elbe, lakini maisha yake ni bandari.

Mbinu ya miraba haikubaki Ulaya. Machi 2020 Kamisheni ya Takwimu ya Umoja wa Mataifa iliiridhia kwa ajili ya kulinganisha nchi na nchi, huku kila nchi ikibaki na tafsiri yake ya ndani. Kwetu Tanzania nadhani ina manufaa makubwa, kwa sababu tumezoea mji kufuata hadhi ya mamlaka. Chukua Tongoni, kata ya wavuvi na wakulima yenye magofu ya kale. Kiutawala imo ndani ya Jiji la Tanga. Kuhusu pwani hakuna ubishi, bahari iko mlangoni. Kuhusu mji, jina la halmashauri halitoshi. Inabidi tujue wangapi wanaishi kwenye kila mraba. Sensa ya mwaka 2022 ilifanywa kwa vishikwambi, pamoja na sensa ya majengo, kwa hiyo hesabu hiyo haihitaji tena kusubiri miaka.