Mtoto kaambiwa ana QT ndefu, na nyumbani wanauliza "imetoka kwa nani"

Nikishamwambia mzazi kwamba mtoto ana QT ndefu ya kurithi, yaani hitilafu ya umeme wa moyo, mara nyingi swali linalotangulia sio la dawa. Ni "imetoka kwa nani?" Mama anainamia mkoba wake, baba kimya, na kama bibi mzaa baba kaja nao utasikia "kwetu sisi huo ugonjwa hatuna." Mi ni daktari wa moyo wa watoto hapa Dar, na huwa nawaambia swali lenyewe zuri sana, ila mnaliulizia ugomvi.

Kwanza ugonjwa wenyewe. Moyo unapiga kwa umeme, na kila ukishapiga lazima ujichaji upya kabla ya pigo linalofuata. Kwenye ECG, kile kipimo cha umeme wa moyo, ule muda tunaupima kuanzia alama ya Q mpaka mwisho wa T, ndo hiyo QT. Sasa hawa watoto wana hitilafu kwenye vile vinjia vinavyopitisha potasiamu au sodiamu kwenye seli za moyo, kwa hiyo kuchaji kunachelewa, na pigo lingine likiwahi kuingia kabla hakujaisha moyo unaweza kuanza kutetemeka tu bila kusukuma damu na mtoto anaanguka palepale. Mara nyingi mdundo unarudi wenyewe baada ya sekunde kadhaa, mtoto anaamka, watu wanasema kifafa, wengine wanasema kapandisha. Eko, kile kipimo cha picha ya moyo, itatoka safi kabisa manake eko inaangalia umbo la moyo, kuta na valvu, umeme haiuoni! Kwa hiyo mtoto anayezimia akikimbia au akishtuliwa, halafu mnaambiwa moyo mzima kwa sababu ya eko peke yake, ombeni ECG. Ni kipimo cha dakika chache. QT ikisharekebishwa kwa kasi ya moyo na ikawa milisekunde 480 kwenda juu, na ikajirudia kwenye ECG nyingine, hatuna tena ubishi mwingi.

Turudi kwa "imetoka kwa nani". Inakadiriwa mtu 1 kati ya 2,000 hivi anayo. Mzazi mwenye nayo anampa mtoto kwa nafasi nusu kwa nusu, na kila mimba inaanza hesabu yake upya, awe wa kike awe wa kiume. Na huyo mzazi anaweza kuwa anabeba magunia Kariakoo miaka yote na hajazimia hata siku moja, ndo maana "mbona mimi mzima" sio hoja. Kuna nyakati pia hitilafu inaanza kwa mtoto mwenyewe, wazazi wote hawana. Ninachotaka mimi ni kujua nani mwingine anayo na hajui. Baba, mama, kaka na dada wote wapige ECG, halafu tunapanda juu kwa mashangazi na wajomba, na hapo ndo hadithi zinatoka: yule aliyekuwa anajua kuogelea vizuri akazama maji ya kifuani, wakasema kachukuliwa na jini, au binti aliyelala mzima asubuhi hakuamka. ECG nzuri mara moja haimwachii mtu moja kwa moja, wengine wanayo na haionekani, kwa hiyo tunarudia. Kipimo cha vinasaba kinasaidia sana lakini kwetu bado ni gharama.

Ipo aina inayokuja na uziwi, mtoto anakuwa kairithi pande zote mbili. Iliandikwa mwaka 1957 na madaktari wa Norway, Jervell na Lange-Nielsen, familia ya watoto 6, wanne viziwi na wanazimia, watatu kati yao wakafa ghafla. Huku pwani tunakooana mabinamu naomba hili mlishike, mtoto kiziwi anayezimia apigwe ECG.

Kuna familia zinaficha, eti mabinti hawataolewa. Naelewa, lakini mjomba asiyeambiwa ndo huyo kesho anaandikiwa dawa ya kumdhuru.

Dawa ya kila siku kwa wengi ni propranolo, inapunguza makali ya adrenalini kwenye moyo. Dozi zisirukwe, wengi wanaodondoka wakiwa kwenye dawa ni kwamba waliziruka. Mdogo apewe na chakula manake inaweza kushusha sukari, na kama ana pumu semeni mapema. Famasi wakitaka kukubadilishia wakupe atenolo "ni zilezile", kataa mpaka uniulize. Ramadhani ikifika njooni tuongee kabla, mtoto asianze kufunga bila sisi kujua na dozi ya mchana ikapotea.

Dawa nyingine zinairefusha QT zaidi: Azuma (azithromaisini), eritromaisini, sipro, flukonazo, domperidoni ya kutapika. Upande wa malaria, kwinini na Duo-Cotecxin tunazikwepa, dawa mseto ya kawaida tunatoa kwa uangalizi, na malaria kali anachomwa artesuneti kama mtoto yeyote. Malaria msiache kutibu jamani! Akiharisha anzeni ORS mapema, potasiamu ikishuka QT inazidi. Piga picha orodha ya dawa ikae kwenye simu ya kila anayemlea, dada wa kazi akiwemo.

Kuhusu kumfungia ndani, hapana. QT ndefu ina aina zake. Aina ya kwanza hatari yake ni kukimbia sana na hasa kuogelea, kwa hiyo baharini haingii peke yake, na mashindano mpaka tukubaliane. Ya pili inashtushwa na sauti, basi alamu itoke chumbani, mwamsheni taratibu kwa mkono. Mama wanaoamka usiku kumgusa kifua mtoto siwakatazi, wengi wanapunguza wenyewe wakiona dawa inafanya kazi, na watoto wengi wanaokunywa dawa vizuri wanakua tu.

Mwalimu naye aambiwe, na afundishwe: akianguka na hapumui, abonyeze katikati ya kifua kwa nguvu, mara 100 hadi 120 kwa dakika, bila kuacha, huku mwingine anatafuta gari. Wa kumwagia maji na kumnusisha kitunguu wasogee pembeni.