Kokeini hailevyi

Ukisoma kwamba kijana fulani "amekutwa kichochoroni akisinzia baada ya kutumia kokeini", jua mambo ni mawili: ama hakutumia kokeini, ama ilikwisha kumtoka mwilini. Yule anayeonekana maskani ameinama nusu, magoti yamelegea, kichwa kinakaribia kugusa vumbi na bado haanguki, huyo amekula heroini. Kokeini ingemsimamisha kama mlingoti, macho yamemtoka, maneno yanafuatana bila kituo, jasho linamtiririka na mapigo ya moyo yanaonekana shingoni. Ni hali mbili zilizopeana mgongo. Lakini kwa kuwa mtaani zote ni "unga", na kwa kuwa sheria imezitia kapu moja, tunazipa jina moja na kuzisimulia kwa dalili zilezile.

Maana kwanza, na maana si ndefu. Kokeini ni alkaloidi, yaani kemikali ya asili ya mmea, itokayo kwenye majani ya koka, kichaka cha miteremko ya Andes kule Peru, Bolivia na Kolombia. Ikifika kwenye ubongo kwa njia ya damu, huchangamsha. Ikigusa neva moja kwa moja, huitia ganzi. Ni kichangamshi na ni dawa ya ganzi, vyote viwili kwa pamoja. Basi.

Taabu iko kwenye majina tunayoivika. Chukua "dawa za kulevya". Kulevya ni kumfanya mtu alewe. W ya kulewa imegeuka vy kwa kanuni iliyo dada wa ile iliyotoa kuogofya katika kuogopa. Na kulewa kwetu kuna sura yake: mtu anapepesuka, ulimi mzito, kope nzito, fahamu zinafifia. Ndiyo maana mashua inayoyumba tunasema inalewalewa. Pombe hufanya hivyo, diazepamu ya kutuliza hufanya hivyo, na heroini hufanya hivyo kwa njia yake. Zote huuzima mfumo wa neva ngazi kwa ngazi, na zikizidi, mwili husahau kupumua. Kokeini haimo katika ukoo huo. Kama ni lazima ilevye, basi inalevya jinsi sifa na madaraka yanavyolevya: mtu haoni kizunguzungu, anajiona hana mfano.

"Mihadarati" nayo ina kasoro yake. Hiyo mi- ya mwanzo isikudanganye ukaitafutia umoja. Si mi- ya miti. Ni mabaki ya mu- ya Kiarabu, mukhaddirat. Shina ni kh-d-r, na khadar ni ganzi, ile ya mguu uliokaliwa vibaya. Kwa Waarabu, utaalamu wa nusukaputi hospitalini ni takhdir, shina lilelile. Wazungu walipita njia hiyohiyo: neno lao la narkotiki limetoka kwenye narke ya Kigiriki, nayo ni ganzi vilevile. Majina yote mawili yanaikaa vizuri afyuni na watoto wake, yaani mofini, kodeini na heroini. Kokeini ilisukumwa humo na sheria. Marekani, katika sheria yao ya mwaka 1914, waliliweka jani la koka bega kwa bega na afyuni. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 1961 ukafanya hivyohivyo, na nchi nyingi zikarithi. Sheria ya Tanzania ya mwaka 2015 inaihesabu hata mirungi kuwa dawa ya kulevya, na hakuna aliyewahi kuona mla mirungi akipepesuka. Anakesha akizungumza. Kitabia kokeini iko jirani zaidi na mirungi kuliko ilivyo jirani na heroini, ingawa nguvu zake na mirungi hazilingani hata kidogo. Mwanasheria akiiita mihadarati yuko ndani ya sheria yake. Mwandishi wa afya akiiita hivyo ameazima kalamu ya mwanasheria.

Cha kuchekesha ni kwamba, tukilishika neno ganzi kwa maana yake halisi, kokeini inalistahili kuliko heroini, ila ganzi yake iko juu ya ngozi laini na haiko akilini. Albert Niemann, mkemia wa Göttingen, alipoitenga kwenye jani na kuipa jina mwaka 1860, aliona kwamba inaufisha ulimi. Mwaka 1884, Vienna, daktari kijana Karl Koller aliitonesha kwenye macho ya vyura, kisha ya wanyama wengine, kisha kwenye jicho lake mwenyewe, akaligusa kwa kichwa cha pini asihisi kitu. Kabla ya hapo mara nyingi mtoto wa jicho alitolewa mgonjwa akiwa macho na akihisi kila kisu. Tangu siku hizo dawa za ganzi zimekatiwa majina kutoka kwenye mkia wa kokeini, ile -caine ya Kiingereza: prokaini ya mwaka 1905, lignokeni ya daktari wa meno, bupivakaini ya sindano ya mgongo wakati wa kujifungua kwa upasuaji. Hakuna hata moja inayotoka kwenye koka, na hakuna anayezitafuta ili achangamke. Zimebeba jina na kazi ya ganzi tu. Kodeini ya dawa za kikohozi, inayotofautiana na kokeini kwa herufi moja, haimo humu kabisa. Jina lake limetoka kwenye kodeia, Kigiriki cha kichwa cha mpopi, mmea wa afyuni, nayo ni ndugu wa heroini. Hiyo -ini ya mwisho ni desturi ya wakemia, haina undugu wowote ndani yake; kafeini na nikotini nazo wanayo.

Sasa inafanyaje kazi. Kati ya seli moja ya neva na nyingine kuna mwanya mwembamba. Seli ya kwanza hutema kemikali mwanyani, kemikali hugonga kipokezi cha seli ya pili, ujumbe umefika. Kisha pampu ndogo kwenye seli ya kwanza huirudisha kemikali ndani ili ukimya urejee. Ni kama mgeni anayebisha hodi: akiitikiwa, anaacha kubisha. Kokeini huziba hizo pampu. Mgeni anabaki mlangoni na hodi haikomi. Kemikali zinazonaswa hivyo ni tatu, dopamini, serotonini na noradrenalini, na karibu kila makala huishia kwenye dopamini kwa kuwa ndiyo yenye raha. Anayelala wodini na kiharusi cha kokeini ameangushwa zaidi na noradrenalini.

Angalia kwamba kokeini haileti kemikali yoyote ya kwake. Inazuia kuondolewa kwa iliyopo, tu. Kathinoni ya mirungi na amfetamini, kichangamshi kingine, huzisukuma kemikali zitoke ghalani, kokeini haisukumi. Kipo kipimo cha macho kinachoonyesha jambo hili waziwazi. Daktari hutonesha kokeini ya asilimia 4 hadi 10 kwenye macho yote mawili, akasubiri kama saa moja. Jicho lenye afya mboni yake hupanuka, kwa kuwa noradrenalini inayodondoka pale kidogokidogo imekosa pa kurudi. Jicho ambalo neva yake ya simpathetiki, ile inayopanua mboni, imekatika, hali iitwayo ugonjwa wa Horner, halipanuki au hupanuka kidogo mno. Dawa ipo, pampu zimezibwa, lakini hakuna kinachotoka cha kuzuiwa.

Yanayotokea kwenye mboni ndiyo yanayotokea kwenye moyo na mishipa, ila huko hayana subira. Presha ni zao la vitu viwili: damu inayosukumwa na moyo kila dakika, na ubishi wa mishipa inayopitisha damu hiyo. Kwenye moyo, noradrenalini hugonga vipokezi vya beta, mapigo yakaenda mbio na kila pigo likawa na nguvu zaidi. Kwenye kuta za ateri hugonga vipokezi vya alfa, misuli ya ukuta ikajikaza na njia ikawa nyembamba. Pampu imeongezwa kasi na bomba limebanwa kwa wakati mmoja. Mtu aliyekuwa na 120/80 anaweza kupanda ndani ya dakika chache tu, na akifika 180/120 huku ana maumivu ya kifua, kichwa kinachopasuka au upande mmoja umelegea, hiyo ni dharura ya hospitali.

Hapa kuna kosa jingine dogo linalonikera: kusema kokeini "inaleta presha". Presha kwa maana ya ugonjwa ni vipimo vya 140/90 na kuendelea vinavyorudia siku kwa siku. Kokeini hupandisha presha ghafla, kisha ikashuka, kwa kuwa nusu ya dawa huondoka kwenye damu kwa muda wa saa moja hivi. Akipimwa kesho yake anaweza kukutwa na 118/76 na kuambiwa yuko salama. Madhara yanafanyika katika ile saa. Ukuta dhaifu wa ateri ya ubongo hupasuka. Tabaka la ndani la aota, ateri kuu itokayo moyoni, huchanika, damu ikajipenyeza kati ya tabaka na tabaka. Na moyo wenyewe unadai oksijeni zaidi wakati ateri zinazoulisha zimejibana na chembe sahani, zile zinazogandisha damu, zimekuwa nyepesi kugandana. Utafiti uliotolewa Marekani mwaka 1999 uliona kwamba hatari ya shambulio la moyo huongezeka mara 24 katika dakika 60 za kwanza baada ya kutumia. Wanaoletwa na shambulio hilo si wazee peke yao. Wamo vijana ambao ateri zao zikipigwa picha hazina mafuta yaliyoziba.

Anayechanganya na pombe akidhani moja itaituliza nyingine amekosea hesabu. Ini huziunganisha kokeini na pombe, ikazaliwa kokaethileni, inayokaa mwilini muda mrefu kuliko kokeini yenyewe na kuuchosha moyo vilevile.

Kule kubana mishipa ndiko pia kunakotoboa ukuta wa katikati ya pua kwa wanaonusa: gegedu halina mishipa yake ya damu, linategemea ya utando uliolifunika, na utando ukinyimwa damu mara kwa mara hufa. Lakini kubana huko kuna kazi yake halali. Lignokeni peke yake hupanua mishipa, kwa hiyo daktari wa meno hutumia ile ya asilimia 2 iliyochanganywa na adrenalini, mara nyingi 1 kwa 80,000, ili damu isitoke sana na ganzi isichukuliwe haraka. Ndiyo sababu anakuuliza habari za presha kabla ya kuchoma. Kokeini hufanya kazi zote mbili bila mchanganyiko, na kwa ajili hiyo wapo wapasuaji wa pua ambao bado huitumia, maji ya asilimia 4, kwa kipimo na kwa mashine ya mapigo pembeni.

Kipimo kikizidi mno, ile tabia ya ganzi huingia kwenye moyo. Kokeini hutia ganzi kwa kuziba milango ya sodiamu, na umeme wa moyo unapita kwenye milango ya namna hiyohiyo. Kwenye karatasi ya ECG, kipimo kinachochora umeme wa moyo, wimbi la QRS, lile la pigo lenyewe, linatanuka, mapigo yanavurugika, na presha iliyokuwa juu inaweza kuporomoka. Hapo madaktari huchoma sodiamu baikaboneti. Joto la mwili nalo hupita nyuzi 40, kwa kuwa misuli haitulii na mishipa ya ngozi iliyobanwa haitoi joto nje.

Kwa hiyo jina si suala la wapenda kamusi peke yao. Nalokisoni, inayomwamsha aliyezidisha heroini kwa dakika mbili tatu, haina pa kushika kwenye kokeini. Methadoni iliyoanza kutolewa hospitali ya Muhimbili, Dar es Salaam, mwaka 2011 ni ya waliozoea heroini. Kwa uraibu wa kokeini hakuna kidonge kilichopitishwa mpaka leo. Aliyepandishwa na kokeini hutulizwa kwanza kwa diazepamu au ndugu zake, na kifua kikiuma hupewa aspirini na nitrogliserini. Propranolo, ambayo wagonjwa wengi wa presha wanaijua, madaktari wengi huikwepa hapa: hufunga beta na kuiacha alfa ikibana peke yake. Wapo wanaobishia hofu hiyo, lakini mabishano hayo yafanywe na wenye mgonjwa mbele yao.

Anayetaka neno la jumla aendelee na "dawa za kulevya". Limeandikwa kwenye sheria na kwenye mabango, halitang'oka. Ila akifika kwenye sentensi ya dalili, aiache jumla aitaje dawa. Mboni kama tundu la sindano, pumzi za kuhesabika na midomo iliyogeuka rangi ni heroini au ndugu yake. Mboni pana, ngozi ya moto na moyo unaokimbia ni kokeini au kichangamshi kingine. Na anayemfikisha mgonjwa mapokezi aseme alichokiona, kwa sababu "amekula unga" ni nusu ya habari, na daktari ana nalokisoni mkono mmoja na diazepamu mkono mwingine.