Figili haitibu macho ya njano: maswali na majibu

Wapo wanaosema juisi ya figili inasafisha ini na kuondoa macho ya njano. Sisi tunaohudumia wagonjwa tunajibu hapa.

Figili ni nini?
Ni mzizi wa jamii moja na kabichi: ipo nyekundu ya mviringo na ipo nyeupe ndefu. Usiichanganye na figiri, ile mboga ya majani inayouzwa kwa mafungu.

Ndani yake kuna nini?
Maji, asilimia 95. Katika gramu 100, kama figili kumi za mviringo, kuna takriban miligramu 15 za vitamini C (theluthi ya mahitaji ya mtu mzima kwa siku), miligramu 230 za potasiamu, mikrogramu 25 za foleti (vitamini B9) na gramu 1.6 za nyuzinyuzi. Wekundu wa ganda unatokana na anthosianini, rangi ya asili ya mimea.

Ukali wake una kisa kizuri. Figili nzima haina harufu kali, lakini ukiikwaruza tu inapanda puani. Ndani ya mzizi kuna glukosinolati, kemikali yenye salfa, na pembeni yake, katika chumba kingine, kuna kimeng'enya, protini inayoweza kuigeuza. Kisu au meno yakivunja kuta hizo, viwili hivyo vinakutana na kuzaa isothiosianati, ambayo ndiyo ule mwasho. Ukiichemsha nzima, joto linaua kimeng'enya na ukali unapungua sana.

Basi inasafisha ini?
Hapana. Ini halisafishwi kwa juisi. Lenyewe ndilo linalosafisha damu. Isothiosianati zimechunguzwa sana maabara, lakini kilichoonekana maabara si tiba ya mtu mwenye macho ya njano.

Tunasema tena kwa sababu kila mara tunapokea wagonjwa waliokunywa juisi ya figili wiki mbili au tatu nyumbani, wakafika tumbo limejaa maji au hawajitambui vizuri. Macho ya njano maana yake rangi iitwayo bilirubini imejaa kwenye damu. Huenda malaria kali inavunja chembe nyekundu za damu, au kirusi cha homa ya ini B kinaliumiza ini, au jiwe limeziba njia ya nyongo. Figili haiui vimelea vya malaria, haiui kirusi na haizibui njia ya nyongo.

Mbona jirani alikunywa akapona?
Pengine alikuwa na homa ya ini A, ambayo mara nyingi hupona yenyewe baada ya wiki kadhaa. Sifa ikaenda kwa juisi. Mwenye homa ya ini B naye anaweza kuona macho yanarudi meupe huku kirusi kikibaki ndani. Macho meupe si kipimo. Kapime damu.

Nitayatambuaje manjano?
Toka nje mchana. Mwanga wa balbu unadanganya. Vuta kope la chini, tazama sehemu nyeupe ya jicho, kisha chini ya ulimi. Angalia pia kama mkojo umekuwa kama chai ya rangi, au choo kimekuwa cheupe kama udongo wa mfinyanzi.

Ukiona hivyo nenda kituo cha afya siku hiyohiyo. Kukiwa na homa, kutapika, kusinzia ovyo, kutoka damu puani au kwenye fizi, au mgonjwa akiwa mjamzito, usingoje hata jioni. Walioko Ukerewe na visiwa vingine vya Ziwa Victoria waanze na zahanati ya karibu: kipimo cha haraka cha malaria kipo, na rufaa itaandikwa mapema kabla boti haijaondoka.

Mtoto wangu ana selimundu (ugonjwa wa kurithi wa chembe nyekundu za damu), macho ni ya njano siku zote.
Kanda ya Ziwa watoto hawa ni wengi, na unjano kidogo ni kawaida yao. Ukiongezeka ghafla, au viganja vikapauka, au homa ikapanda, mpeleke hospitali. Juisi haizuii damu kuvunjika.

Na mtoto mchanga?
Usimpe figili, hata tone! Chini ya miezi sita ni maziwa ya mama tu. Manjano ndani ya saa 24 za kwanza, au yaliyofika viganjani na kwenye nyayo, au mtoto aliyeacha kunyonya: hospitali sasa hivi.

Niileje, basi?
Kama mboga. Isugue kwa maji safi yaliyochemshwa kabla ya kuikata, si kwa maji yaliyochotwa ziwani. Uile mbichi pamoja na ugali na maharage, maana vitamini C husaidia mwili kufyonza madini ya chuma. Chai isubiri saa moja. Usichuje juisi ukatupa makapi, nyuzinyuzi zimo humo. Majani yake usiyatupe: yana vitamini C nyingi kuliko mzizi; yapike dakika chache kwa karanga za kutwanga. Mwenye vidonda vya tumbo apunguze mbichi.

Nimeshamnywesha mgonjwa juisi. Niseme?
Sema, na uje na chupa yenyewe. Nyingi zimechanganywa mizizi na magome mengine, na baadhi yake huliumiza ini. Taja pia vidonge vyote alivyomeza, hasa panadol na vya maumivu: vingapi, na tangu lini.