Alizeti na hesabu ya risasi

Swali ninaloulizwa kuliko yote ni hili: nikipanda alizeti ili zifyonze risasi (ile metali yenye sumu) kutoka udongoni, udongo utasafika baada ya misimu mingapi? Huwa nachukua kalamu. Udongo wa hekta moja, kwa kina cha sentimita 20, una uzito wa tani 2,600 hivi. Ukitaka kupunguza risasi kwa miligramu 500 katika kila kilo ya udongo, una kilo 1,300 za kutoa. Tuseme umevuna tani 10 za mabua na majani makavu, kila kilo imebeba miligramu 100 za risasi (na hapo nimekuwa mkarimu). Umetoa kilo moja. Bado 1,299.

Dizeli ikimwagika, bakteria huila hata ikaisha. Metali hailiki wala haiozi. Mmea unaweza tu kuihamisha kutoka udongoni hadi majanini. Risasi nayo ni kaidi: hushikamana na fosfeti (chumvi ya fosforasi, kama ile ya mbolea) na mboji, na hata ile kidogo inayoingia mmeani, sehemu kubwa hukwama mizizini. Wapo waliojaribu kumwagia udongo EDTA, kemikali inayoshika metali, ili risasi ilegee. Ililegea kweli, lakini mvua ikinyesha, risasi iliyolegea hushuka kuelekea maji ya ardhini. Mimi siipendekezi.

Kwa kadimi, metali nyingine yenye sumu, hesabu hubadilika. Kuipunguza kwa miligramu 2 kwa kila kilo ni kutoa kilo 5.2 tu kwa hekta. Noccaea caerulescens ni mmea mdogo, ila una uroho wa zinki na kadimi. Ukitoa tani 3 za majani makavu yenye miligramu 300 kwa kilo, misimu sita inatosha kwenye karatasi. Shambani huwa zaidi, kwani kadiri kadimi inavyopungua ndivyo mmea unavyopata kidogo. Kwa aseniki, sumu nyingine ya udongoni, kuna kangaga aitwaye Pteris vittata, ambaye sifa yake ya kuifyonza ilitangazwa mwaka 2001 baada ya kukutwa Florida, mahali palipokuwa pakitiwa mbao dawa. Na kule Kaledonia Mpya, visiwa vya Pasifiki, kuna mti, Pycnandra acuminata, wenye utomvu wa kijani-buluu. Ukikaushwa, karibu robo yake ni nikeli. Nimeusoma mara nyingi na bado unanishangaza.

Watu husahau mavuno. Majani yakiachwa yaanguke, metali imerudi ilikotoka, tena juu kabisa ya udongo. Usiwape mifugo, usiyatie kwenye mboji. Huchomwa kwenye tanuri lenye vichujio, na majivu huzikwa kwenye dampo la taka hatari. Nikeli peke yake ndiyo yenye majivu ya thamani: Albania wamejaribu kuivuna shambani kama zao.

Basi mwenye risasi nyingi namshauri asiitoe, aifunge: nyasi nene zisizoacha mahali patupu, pamoja na mboji na fosfeti, ili vumbi lisifike mikononi mwa watoto. Ila kwanza apime aseniki. Fosfeti na aseniki hufanana kikemia, zinagombea nafasi ileile kwenye chembe za udongo, na fosfeti ikiingia kwa wingi, aseniki husukumwa nje na kuanza kusafiri na maji.